Wamexico na Waapache huku Arizona nani ana nafuu? Jibu langu (refu kidogo, mtanisamehe)

Mkuu umeuliza kama ni kweli Waapache (kabila la wenyeji wa asili wa Marekani) wana maisha mazuri kuliko Wamexico kwa sababu eti serikali inawalipa kila mwezi wakiwa wamelala na ardhi wamepewa bure, wakati Mexico wanabeba zege juani. Nimeona waliotangulia wamejibu kwa kejeli tu, ngoja na mimi niseme maana hawa watu wote nimekula nao. Niko Arizona tangu 2013, miaka minne ya kwanza nilikuwa kwenye kazi ya kuezeka mapaa Phoenix, genge zima Wamexico Mbongo peke yangu, halafu nikapata leseni ya lori na mpaka leo napeleka vyakula na soda madukani, ruti inaanzia Phoenix inapita Superior, Miami (ya huku Arizona, si ile ya Florida), Globe, inashuka San Carlos, na siku nyingine inakata lile korongo la Salt River mpaka Whiteriver. San Carlos na Whiteriver ndo makao makubwa ya Waapache wa huku, wako wengine New Mexico na Oklahoma ila hao siwajui kwa karibu nisije nikawasemea.

Tuanze na hilo la kulipwa. Hakuna, mkuu. Hakuna hundi ya kila mwezi kwa kuzaliwa Mwapache. Kuna makabila machache yana kasino kubwa karibu na majiji, hayo yanagawia watu wao gawio na ndo stori mnazozisikia huko. Kasino ya San Carlos iko nje kidogo ya Globe, mji wa watu kama elfu 7, wateja ni wastaafu na wachimbaji wakishapokea mshahara, sasa hapo ugawe nini? Wanachopata ni hospitali bila kulipa, shule, na nyumba za ruzuku ambazo utakuta familia tatu zimebanana kwenye vyumba vitatu, na hiyo si sadaka, ni deni la waliowanyang'anya.

Ardhi ndo kabisa watu wanajichanganya. Ardhi wanayo aisee, kubwa. San Carlos peke yake ni ekari milioni 1.8, chukua Unguja na Pemba uziunganishe halafu zidisha mara 3 ndo unaikaribia. Waapache wa White Mountain, hao wa Whiteriver kule juu, wana milioni 1.6, misitu ya misonobari, theluji, wana mpaka kituo chao cha watu kuteleza kwenye barafu. Lakini ardhi hiyo inashikiliwa na serikali ya Marekani kwa niaba ya kabila, mtu mmoja mmoja hana hati. Una nyumba umekaa miaka 40 umezalia humo watoto wote, benki ukienda kukopa wanakuuliza dhamana iko wapi, huwezi kuweka rehani kiwanja ambacho wao hawawezi kukinadi ukishindwa kulipa. Ipo mikopo ya nyumba yenye dhamana ya serikali kwa ajili ya makabila, ila mlolongo wa karatasi kati ya kabila na ofisi za serikali mtu anazeeka anasubiri.

Kuna mzee mmoja Peridot, humo humo San Carlos, nilikuwa nampita kila Alhamisi, fundi tairi, mikono yake inajua kazi kweli kweli. Alitaka kujenga banda la maana pembeni ya barabara kuu ya 70, malori yanapita pale usiku na mchana, biashara unaiona kwa macho. Mwaka wa kwanza ananiambia anasubiri kibali cha kupangishwa kipande, wa pili anasubiri saini, wa tatu nikamkuta kaweka trela kuukuu na kompresa anaziba pancha kwenye vumbi. Nikamuuliza vipi mzee, akacheka tu akasema "nina ekari milioni moja na laki nane, sina futi ishirini." Mimi mtoto wa Tanga niliyekulia pembeni ya mashamba ya mkonge nikamwelewa haraka sana.

Sasa geukia Wamexico. Hawa ni kinyume chake. Kwanza si watu wa aina moja, wenye asili ya Mexico Marekani nzima wako kama milioni 37 na wengi wamezaliwa huku huku, wana mawakili wana madaktari. Mimi nazungumzia genge langu la mapaa, ambao wengi hawakuwa na makaratasi. Hawa hawana ardhi, hawana hospitali, hawana kabila la kuwasemea bungeni, ila wana hela inayotembea na hawalali. Saa kumi alfajiri mko kwenye pikapu, saa nane mchana mmeshuka maana jua la Phoenix si la mchezo, mwaka 2023 lilipiga siku 31 mfululizo nyuzi 43 kwenda juu, paa unalishika linakuchubua.

Na wana kitu wanaita tanda. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka, nikawaambia kwetu hiki ni kibati, wengine wanaita upatu, mama zetu ndo wanasomeshea watoto. Tulikuwa kumi, kila Ijumaa dola 200 mezani, anayepokea anaondoka na elfu 2 taslimu. Hakuna benki hakuna riba hakuna dhamana, dhamana ni uso wako. Jamaa mmoja wa Sinaloa, jimbo la kule Mexico, kwa tanda mbili akanunua mashine ya kukata nyasi na pikapu ya mkono wa tatu, mwaka uliofuata ana wateja wake na kaajiri shemeji. Hiyo kasi Mwapache wa San Carlos hana, si kwamba mvivu, ni kwamba mji wenye hela uko mbali na wateja wenyewe mfukoni hawana kitu, zaidi ya theluthi ya watu pale wako chini ya mstari wa umaskini.

Lakini hiyo hela ya Mexico inakaa kwenye kiganja kilicho wazi. Mwaka wangu wa pili mkandarasi mmoja, simtaji, alituezekesha nyumba sita halafu wiki mbili za mwisho akazima simu. Tulikuwa tisa. Mimi nilikuwa na grinkadi, nikaenda kulalamika ofisi ya kazi, ikachukua miezi nikapata changu. Wale wanane hakuna hata mmoja aliyekuja, na sheria inawaruhusu kabisa kudai, lakini nani ataenda kuandika jina lake na anuani kwenye fomu ya serikali? Kumbuka hii ndo Arizona ya sheria ya 2010 ya polisi kuuliza makaratasi, na sherifu wa kaunti yenye Phoenix wakati ule ni Joe Arpaio, aliyejulikana kwa kusaka wasio na makaratasi, watu walikuwa wanazunguka mtaa wa nyuma kwenda kununua maziwa. Halafu kodi wanakatwa na pensheni wanakatwa, kwenye namba zisizo zao ambazo hawatakuja kuchukulia hata senti. Mwapache yeye akisimamishwa barabarani ana mengi ya kuogopa ila kufukuzwa nchi hakumo, uraia walipewa wote 1924 ingawa kura Arizona ikabidi waisubiri mpaka 1948, kwenye nchi yao wenyewe, hebu fikiria.

Kwa hiyo ukiniuliza nani ana nafuu mimi naona swali limekaa vibaya. Mmoja ana mahali pa kuzikwa ila mahali hapo hapazai mtaji, mwingine anazalisha mtaji kila siku ila hajui Jumatatu atalala nchi gani.

Na kitu ambacho wengi hamkijui, umaskini wa hawa wawili umetoka shimo moja. Shaba. Rizavesheni ya San Carlos, yaani eneo walilotengewa Waapache, ilianzishwa miaka ya mwanzo ya 1870 na haijakaa vizuri ikaanza kumegwa, pale yalipoonekana madini ya fedha na shaba mpaka ulisogezwa, Globe yenyewe imekaa kwenye ardhi iliyomegwa hivyo. Waapache wakasukumwa pembeni, halafu nani akashushwa shimoni kuchimba? Mmexico, kwa mshahara uliokuwa na jina lake kabisa, "mshahara wa Kimexico", chini ya ule wa Mzungu kwa kazi hiyo hiyo. Walipogoma Bisbee, mji wa mgodi wa shaba huku huku Arizona, 1917 watu zaidi ya elfu moja, wakiwemo Wamexico wengi, walipakiwa kwenye mabehewa ya mifugo wakaenda kumwagwa jangwani New Mexico. Pale Miami na Globe utakuta wazee wanaongea Kihispania, babu zao walichimba hapo hapo, ukiwaita wahamiaji wanakasirika na wana haki, kusini ya hili jimbo ilikuwa Mexico mpaka Marekani ilipoinunua miaka ya 1850.

Si kwamba walipendana hata hivyo. Sonora na Chihuahua, majimbo ya Mexico, serikali zililipa hela kwa ngozi ya kichwa cha Mwapache, miaka ya 1830 huko, na Geronimo mwenyewe, yule kiongozi wa vita wa Waapache, chuki yake ya kwanza haikuwa kwa Wamarekani, wanajeshi wa Mexico ndo walimuulia mama, mke na watoto. Nilishamsikia mama mmoja muuza duka San Carlos akimtania dereva wa Kimexico "babu yako alikuwa ananunua nywele za babu yangu", dereva akajibu "bibi yangu alikuwa Mwapache, kwa hiyo aliuza za kwake". Wakacheka wote, mimi nikabaki nimeshika risiti sijui nicheke au nitoke nje.

Kijamii sasa hapa ndo nilipojisikia niko nyumbani. Mexico binti akifika miaka 15 anafanyiwa sherehe, gauni kama keki, bendi, ukumbi. Gharama haibebi baba peke yake, wanatafutwa wadhamini, huyu wa keki, huyu wa viatu, huyu wa muziki, mimi nilipewa udhamini wa soda (nadhani sababu ya lori). Ni mchango wa harusi ule ule, kasoro kadi na kikao cha Jumapili.

Waapache binti akivunja ungo wana ngoma yake, siku nne, anacheza kuanzia jua linapochomoza ameelekea mashariki, kipande cha kombe la baharini kwenye paji la uso, unyoya wa tai kwenye nywele, fimbo mkononi, masaa na masaa, na pembeni yake kuna mama aliyechaguliwa nje ya ukoo wake wa kumshika mkono na kumfunda. Sisi watu wa pwani tungemwita somo, sina neno lingine. Baada ya hapo familia mbili zinakuwa ndugu maisha. Mimi ngoma naijua wiki mbili kabla hata sijaalikwa, oda ya duka inabadilika ghafla, unga wa ngano mara tatu, kreti za soda mpaka naziweka juu ya siti, pipi za kilo, maana kuna wakati wanamwagiwa binti pipi na sarafu kichwani. Familia inajikamua mwaka mzima inatumia maelfu ya dola, watu wa nje wanasema maskini gani huyu anafuja hela, lakini hela haitoki pale pale, inarudi kwa mjomba na kwa shangazi na kwa jirani aliyechinja ng'ombe. Tanda nyingine tu hiyo.

Kiafya wote sukari inawamaliza. Ila Whiteriver nawavulia kofia, hii ORS tunayowapa watoto wakiharisha, moja ya sehemu ilipojaribiwa kwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1970 ni hospitali ya pale. Na kwenye Korona waliugua wengi sana, ila wahudumu walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba na kile kipimo cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni, wagonjwa wakawahiwa kabla hawajazidiwa, walikufa wachache kuliko ilivyotarajiwa. Genge langu la mapaa wakati ule mtu alikuwa anakohoa anapanda ngazi, atakaa nyumbani nani atamlipa?

Na shaba bado haijaisha. Hapo Superior kuna mahali panaitwa Oak Flat, Waapache wanafanyia ngoma za mabinti na kuchuma mbegu za mwaloni, chini yake kuna shaba, bunge 2014 likapitisha ardhi ibadilishanwe na kampuni ya mgodi, na shimo litakalobaki linakadiriwa karibu maili 2 upana. Mei 2025 Mahakama ya Juu ikakataa kusikiliza kesi ya Waapache. Superior wengi ni wenye asili ya Mexico na nao hawako kitu kimoja, kuna baba anataka mwanae apate ajira, kuna mchimbaji mstaafu anasema nimeshaona migodi ikifunga mara ngapi.

Mwaka jana yule wa Sinaloa mwenye pikapu aliniomba lifti kama tanboi siku ambayo hana kazi, alitaka tu kuona. Tukasimama Peridot kwa mzee wa pancha. Wakakaa kwenye ndoo wawili, Kiingereza cha kuokoteza, jamaa anazungusha macho anasema hii ardhi yote na hujajenga? Mzee akamuuliza na wewe umejenga? Jamaa akatoa simu, picha za nyumba Sinaloa, ghorofa moja, geti la chuma, vigae, miaka 11 hajakanyaga kwa sababu akitoka hawezi kurudi. Mzee akaziangalia moja moja mpaka mwisho, akauliza nani anakaa humo. Jamaa akasema hakuna, mama anaenda kufagia Jumamosi.

Mimi nikajifanya nakagua tairi, maana na mimi nina ya kwangu Chalinze imesimama kwenye lenta tangu 2019.