Chui Alipita, Kamera Ikaona Nyasi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba amenunua kamera isiyo na kioo ndani yake (mirrorless), ile ambayo muuzaji alimhakikishia kuwa inalitambua jicho la mnyama yenyewe, na kwamba baada ya siku tatu za kuvizia ndege amerudi na picha zaidi ya elfu mbili ambazo karibu zote zina ukungu. Swali lake lilikuwa moja tu: je, auze lenzi? Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu swali hilohilo niliwahi kujiuliza baada ya kukutana na chui, na hadi leo moyo wangu haujapoa.

Nitakisimulia kisa hicho kwa kirefu, maana karibu ushauri wote nilio nao umetoka humo.

Kwa miaka mingi nilitumia kamera ya kioo (DSLR), yenye pointi chache za fokasi, yaani mahali ambapo kamera hulenga ili patoke pakali, zilizosongamana katikati ya fremu. Ilikuwa na ukaidi wake, lakini ilinizoesha kuchagua mwenyewe pointi na kuiweka pale ninapotaka. Nilipohamia kwenye kamera isiyo na kioo nilikuta mamia ya pointi zilizotapakaa karibu fremu nzima, pamoja na kisanduku kidogo kilicholirukia jicho la paka wangu kabla mimi mwenyewe sijaliona. Kwa wiki mbili nilimpiga paka yule picha nyingi kuliko nilizowahi kuwapiga ndugu zangu wote. Nikaamini kwamba kazi ya kufokasi imekwisha duniani. Nikaruhusu kamera itafute katika fremu nzima, nikawasha utambuzi wa wanyama, nikafunga safari.

Asubuhi ya pili, jua likiwa bado chini, chui alitokeza kwenye nyasi ndefu, mita kama ishirini kutoka kwenye gari letu. Alikuja akituelekea, kichwa amekiinamisha, mabega yakipanda na kushuka, na nyasi zikimpisha huku na huku. Nilibonyeza. Kisanduku kililirukia jicho, kikalikosa, kikatua juu ya bua, kikarudi, kikapotea tena. Nami nikaendelea kubonyeza kwa imani kwamba mashine itajirekebisha yenyewe. Chui akasimama, akanitazama usoni kwa muda wa pumzi mbili, akageuka, akazama majanini. Nilikuwa na picha 143. Katika 139 kati ya hizo, nyasi za mbele zimetoka vizuri hata mbegu zake unaweza kuzihesabu, na nyuma yake kuna wingu la rangi ya dhahabu lenye madoa. Katika nne zilizobaki chui ameshanipa mgongo.

Mwenzangu tuliyekaa naye kiti kimoja, mwenye kamera ya kioo ya zaidi ya miaka kumi na lenzi iliyochubuka rangi, alimpata. Alinionyesha jicho lile, kali kama sindano, kisha akaniambia kwa upole, "Kaka, hiyo yako ni mashine nzuri sana." Mpaka leo sielewi kama alikuwa akinifariji au akinikejeli. Sikumuuliza, na nakiri kwamba njia nzima ya kurudi sikuzungumza naye vizuri.

Hasira zilipopungua nilianza kusoma namna fokasi inavyofanya kazi, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya safari. Sensa nyingi za kamera hizi, yaani vipande vinavyopokea mwanga na kuugeuza picha, hupima fokasi kwa kulinganisha taswira mbili, moja iliyopitia upande wa kushoto wa lenzi na nyingine upande wa kulia. Zikipishana, kamera hujua lenzi isogezwe wapi na kwa kiasi gani. Kwa kuwa ulinganisho huo ni wa kushoto na kulia, mistari iliyosimama wima husomeka kwa urahisi kuliko iliyolala. Sasa yafikirie mabua ya nyasi: yamesimama wima, yamemulikwa na jua la asubuhi, tena yako karibu na lenzi kuliko mnyama. Utambuzi wa jicho ukipotea hata kwa kitambo kidogo, na kamera imepewa fremu nzima ijichagulie, mabua hayo ndiyo yanayoshinda. Kamera haikukosea. Mimi ndiye niliyeiachia uamuzi ambao haukuwa wake.

Kwa hiyo sharti la kwanza, na kwa kweli sharti ninalolirudia mpaka wenzangu wanachoka kulisikia, ni kuibana kamera. Ipe eneo dogo la kutafutia. Kamera nyingi za sasa zinaweza kuunganisha eneo dogo na utambuzi wa jicho, yaani zinaanza kumtafuta mnyama ndani ya kisanduku ulichokiweka wewe, kisha zinamfuata anakokwenda. Tangu mwaka 2019, Sony ilipoanza kulifuata jicho la mnyama kwa kusasisha programu ya kamera zake, wengi tumelewa uwezo huo na kusahau kwamba ni msaidizi tu.

Mimi nimeitenganisha kabisa fokasi na kitufe cha kupigia picha. Si jambo geni, kwani Canon ilikuwa nalo kwenye kamera yake ya filamu, EOS 630, mwaka 1989. Kitufe kimoja cha nyuma, kilicho chini ya kidole gumba, kinaita pointi moja ndogo bila utambuzi wowote. Cha pili kinaita utambuzi wa jicho katika eneo pana. Nyasi zikiwa nyingi natumia cha kwanza, mnyama akitoka mahali peupe nahamia cha pili, na vyote viwili vimewekwa kwenye fokasi endelevu, inayomfuata mnyama anaposogea. Fokasi ya mara moja, inayojifunga pale ilipotua, niiachie milima.

Lipo pia kosa ambalo wageni wengi hawalijui. Lenzi ndefu ikiwa imefokasiwa mbali sana na mnyama, mnyama huyo huwa ni moshi tu kwenye sensa, na kamera haiwezi kulitambua jicho ambalo halipo. Anza kwa kufokasi ardhi iliyo miguuni mwake, au shina la mti aliokaa, ndipo umwendee. Tena usisahau jinsi nafasi yenyewe ilivyo finyu: kwa lenzi ya milimita 600, tundu lake likiwa limefunguliwa hadi f/4, na sensa ya fremu kamili (yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35), mnyama akiwa umbali wa mita 10, kina cha sehemu inayoonekana kali ni kama sentimita 6 tu. Fokasi iliyotua kwenye pua ya simba imeshalikosa jicho lake.

Kuhusu joto la mchana sina mengi ya kusema. Hewa ikianza kucheza juu ya ardhi, hakuna kamera itakayokusaidia, nenda kapumzike.

Miezi miwili iliyopita nilivizia kando ya bwawa lenye matete mengi, na mdiria akaja akaning'inia hewani juu ya maji huku akipigapiga mabawa, kichwa kimetulia kana kwamba kimepigiliwa msumari. Matete nyuma yake yalikuwa wima, yale yale mabua yaliyoniumbua. Kidole gumba kilikwenda kwenye kitufe cha kwanza bila kuambiwa. Nilipiga picha 22, na 18 kati yake zina jicho kali na tone la maji kwenye ncha ya mdomo. Nilimtumia mwenzangu yule mojawapo, bila maneno yoyote.

Basi ndugu zangu, acheni kukimbilia dukani kila picha inapoharibika. Itazameni kwanza picha mbovu kabla ya kuifuta. Kama kila kitu kimevutika kuelekea upande mmoja, tatizo ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga uingie, na kwa ndege arukaye nisingeshuka chini ya 1/2000 ya sekunde. Kama kuna kitu kingine ndani ya fremu kilicho kali, basi lenzi haina ugonjwa, nanyi ndio hamkuiambia kamera mnachokitaka. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu mimi nilisemwa kwa upole na bado iliniuma.

Msomaji wangu nilimwomba anitumie picha tatu kati ya zile elfu mbili. Amezituma jana usiku. Ndege ni vivuli vya buluu, lakini katika zote tatu tawi lililo nyuma yao ni kali kiasi kwamba nyufa za gome zinaonekana moja moja. Nimemwambia asiiuze lenzi.