Jibu kwa mjomba kuhusu nchi ya Wayolngu na boksiti yake

Shikamoo, mjomba. Umeniuliza mambo mawili kwa niaba ya watu wa nyumbani Kilwa: kama ni kweli kwamba wenyeji weusi wa Australia wametajirika kwa madini yanayochimbwa kwenye ardhi yao, na kama mwanao wa mwisho anaweza kuja huku kufanya kazi mgodini. Nimechelewa kujibu kwa sababu mshahara wangu wa uuguzi, ambao sehemu yake huwafikia ninyi, unatoka katika mji ambao usingekuwapo kama si mgodi huo, na nimeona ni haki yenu kujua fedha hizo zimesimama juu ya nini.

Mji wenyewe unaitwa Nhulunbuy, nao uko kwenye rasi ya Gove, pembeni kabisa mwa Arnhem Land, kaskazini mwa Australia. Darwin iko zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa, barabara ya vumbi haitegemeki masika yakianza, na shehena kubwa huletwa kwa tishari, kwa hiyo bei za vyakula dukani zingekushtua. Wenye nchi ni Wayolngu, na kila ukoo wao unajua mipaka yake ya nchi kavu na ya bahari, pamoja na nyimbo na mahali patakatifu pa ukoo huo.

Wengi hudhani kwamba watu hawa walikuwa wamejitenga na dunia mpaka Wazungu walipofika, na sivyo. Kabla Waingereza hawajaweka makazi kaskazini huku, wavuvi kutoka Makassar, katika kisiwa cha Sulawesi, walikuwa wakija kwa pepo za msimu kuvuna majongoo bahari, wakiyachemsha na kuyakausha ufukweni kwa ajili ya soko la China, kisha wakirudi kwao upepo unapogeuka. Wewe uliyekulia kwenye majahazi huhitaji kuelezwa safari ya namna hiyo. Nahodha Mwingereza Matthew Flinders alipopita hapa Februari 1803 alikuta vyombo vyao sita, vikiongozwa na mzee aliyeitwa Pobassoo. Damu ilimwagika nyakati fulani kati ya wageni hao na wenyeji, lakini kulikuwa pia na biashara, ndoa na safari za Wayolngu hadi Makassar, na wageni hawakudai kwamba nchi ni yao. Mikwaju waliyoiacha bado imesimama karibu na fukwe. Maneno yao yamebaki pia: fedha kwa Kiyolngu ni rrupiya, kama wazee wetu walivyosema rupia, na Mzungu ni balanda, neno lenye asili moja na Uholanzi yetu. Uhusiano huo ulikatwa mwaka 1907, baada ya serikali ya Australia Kusini, iliyotawala eneo hili wakati huo, kuacha kuwapa Wamakassar leseni.

Kuna jambo jingine ambalo nilipolisikia sikulala vizuri usiku ule. Mwaka 1944 askari aliyekuwa zamu katika visiwa vya Wessel, kwenye nchi hii hii ya Wayolngu, aliokota mchangani sarafu chache za kale. Nne zilikuwa za Kiholanzi, na tano zilikuwa za shaba, zilizopigwa katika Usultani wa Kilwa. Wataalamu hawajakubaliana zilifikaje, nami sitawapambia hadithi ya babu zetu kuvumbua Australia. Ninachosema ni kwamba bahari hii ilikuwa na njia zake kabla ya ramani za Ulaya, na kwamba mtu wa Kilwa hawezi kuitazama pwani hii kama mahali pasipomhusu.

Wamisheni wa Kimethodisti walijenga kituo Yirrkala mwaka 1935. Kisha ikagunduliwa kwamba udongo mwekundu wa rasi hii ni boksiti, mawe yanayotoa alumini, nayo hulala juu juu, hivi kwamba ili kuyapata ni lazima msitu wote uliopo juu uondolewe. Mwaka 1963 serikali ilimega zaidi ya kilomita 300 za mraba kutoka katika hifadhi ya wenyeji kwa ajili ya mgodi, bila kuwauliza. Wayolngu walijibu kwa njia ambayo naiheshimu mno: waliandika maombi kwa lugha yao na kwa Kiingereza, wakayabandika juu ya magome ya mti yaliyochorwa michoro ya koo zao, wakayapeleka Bungeni Canberra. Michoro hiyo ndiyo hati zao za umiliki. Kamati ya Bunge ilipendekeza walipwe fidia na mahali pao patakatifu palindwe, lakini mwaka 1968 mkataba wa mgodi ulipitishwa hata hivyo. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1971 Jaji Blackburn alikiri kwamba Wayolngu wana mfumo wa sheria unaoeleweka, kisha akaamua kwamba sheria ya Kiingereza haiutambui kuwa umiliki wa ardhi. Nimeisoma hukumu hiyo mara kadhaa, na kila mara hapo ndipo ninapokwama.

Kushindwa kwao kulizaa Sheria ya Haki za Ardhi ya mwaka 1976, ambayo iliwarudishia wenyeji ardhi nyingi katika jimbo hili, ingawa mgodi wa Gove ulibaki palepale. Mkataba wa kweli kati ya koo na kampuni, ambayo sasa ni Rio Tinto, ulisainiwa mwaka 2011. Ukoo wa Gumatj umefungua mgodi wake wenyewe wa boksiti, na mwezi Machi 2025 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba serikali inaweza kudaiwa fidia ya haki kwa ardhi iliyotwaliwa hapa zamani, bila kutaja kiasi. Mzee aliyeifungua kesi hiyo, ambaye ujanani alikuwa mkalimani katika ile kesi iliyoshindwa, alikuwa ameshafariki mwaka 2023. Familia yake iliomba atajwe kwa jina la familia tu, Yunupingu, kwa kuwa mila hairuhusu jina la marehemu kutamkwa ovyo, nami nimelifuata ombi hilo.

Kwa hiyo, mjomba, wametajirika? Fedha zipo, na baadhi ya koo zimezitumia kwa busara. Lakini wodini nawauguza watu wa umri wangu wenye figo zilizokufa, na watoto wenye ugonjwa wa moyo unaoanzia kwenye maambukizi ya koo na ngozi, ugonjwa ambao kwa Waaustralia wenye asili ya Ulaya umebaki nadra sana. Nyumba hazitoshi, na watu wengi hulala chumba kimoja. Mtu akikuambia kwamba wenyeji wa huku wanakula mrabaha na kustarehe, mwambie kuna mpwa wako anayewapima shinikizo la damu kila asubuhi.

Kuhusu mwanao, simshauri aje kwa kutegemea mgodi. Kiwanda cha kusafisha boksiti kilifungwa mwaka 2014 na zaidi ya ajira 1,000 zikapotea. Nyumba zilibaki tupu na maduka yakafungwa. Boksiti inayobaki katika mgodi mkubwa ni ya miaka michache tu, na ardhi ya mji itarudi mikononi mwa Wayolngu. Akitaka kuja, asome kwanza uuguzi, ufundi wa umeme au ualimu, kazi ambazo wenye nchi watazihitaji mgodi ukishaondoka. Na ajue kwamba akitoka nje ya mji, hata kwenda kuvua ufukweni, atahitaji kibali chao. Mimi changu nakihuisha kila kinapokwisha, na nimekibandika mlangoni karibu na funguo za gari.