Kupata wakili wa fidia ya ajali kazini

Pole sana mkuu, na mpe pole mdogo wako, vidole viwili kukatwa na mashine ya mbao sio jambo dogo. Kwanza kabisa asisaini hiyo karatasi uliyosema bosi anataka aisaini wamalizane, hata akiongezewa hela mkononi, maana kesho ataambiwa si ulishakubali.

Umeuliza wakili gani anafaa ila mi naona muanze WCF, ule Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango wake analipa mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti, na kufungua madai hakuhitaji wakili. Bosi akishapewa taarifa anatakiwa airipoti ajali ndani ya siku 7 na madai mwisho miezi 12, kwa hiyo msilale. Shika fomu za hospitali, picha, salary slip kama ipo na namba za simu za waliokuwepo siku ile, hao mashahidi ndo huwa wanapotea kwanza wakianza kutishwa kazi, kwetu ilitukuta hivyo hivyo kwa mzee na iliniuma sana.

Wakili mtafuteni bosi akikataa kuripoti au mkipunjwa. Huyo wakili uliyemtaja anayetaka laki tano kabla hata hajasoma makaratasi muacheni, na yeyote mtakayempata ulizeni TLS, chama cha mawakili wa Tanzania Bara, kama ni wakili kweli na ana leseni ya mwaka huu. Hela hamna? Kwa hapo Dar nendeni LHRC, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wanasaidia bure.

Ajali ilitokea lini mkuu?