Maswali na Majibu: Muziki wa Simu na Kichezeshi Kidogo katika Redio ya Gari

Maswali niliyopokea safari hii yanahusu jambo moja, nalo ni namna ya kuusikiliza muziki uliomo ndani ya simu au kichezeshi kidogo kupitia redio ya gari ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Nimeyafupisha maswali, ila majibu sikuyabana, kwa kuwa wengi mlioniandikia mmeshanunua vifaa viwili vitatu na bado hamjapata nafuu. Modyuleta inayotajwa humu ni kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara na kurusha muziki wa simu kwa mawimbi ya FM ili redio ya gari iudake.

Nimenunua Toyota iliyotumika kutoka Japani. Modyuleta niliyouziwa inaonyesha 98.5, lakini redio ya gari inaishia 90. Je, nimeuziwa kifaa kibovu? (Msomaji wa Morogoro)

Hapana, ndugu yangu, kifaa chako ni kizima na redio yako pia ni nzima. Redio za FM za Japani zilipangiwa masafa ya megahezi 76 hadi 90, kwa sababu masafa yaliyo juu ya hapo walikuwa wamepewa watu wa televisheni. Ni baada ya televisheni ya analojia kuzimwa kule mwaka 2011 ndipo eneo la 90 hadi 95 lilipofunguliwa kwa redio, na ndiyo maana magari mapya zaidi kutoka Japani hufika 95. Huku kwetu FM huanza 87.5 na kuishia 108. Kwa hiyo redio yako na modyuleta vinakutana katika kipande chembamba tu, kati ya 87.5 na 90. Weka modyuleta kwenye 88.1 au 89.3, kisha weka redio kwenye namba hiyohiyo, nawe utasikia muziki wako, mradi tu pasiwe na kituo cha redio kilichokwishakaa hapo.

Kuna jambo moja la kuangalia kabla hujakata tamaa. Magari mengi ya aina hii yamefungwa kifaa kidogo kwenye waya wa eriali, ambacho kazi yake ni kuyashusha masafa ya huku ili redio ya Kijapani iyasome. Kama kifaa hicho kinashusha kwa megahezi 20, kituo kinachorusha kwenye 98.4 utakipata kwenye 78.4, na modyuleta uliyoiweka kwenye 104.0 utaipata kwenye 84.0. Muulize fundi aliyekifunga kinashusha kwa kiasi gani, au tafuta kituo unachokijua na utoe namba moja katika nyingine. Jibu utakalopata ndilo la kulitumia siku zote.

Hata hivyo, kama ungeniuliza kabla ya kununua, ningekushauri umtume fundi aangalie nyuma ya redio kwanza. Nilikwenda kumsaidia jirani yangu ambaye kwa miaka miwili alikuwa akisikiliza kaswida zake kupitia modyuleta, zikiwa na mchakacho kama wa mafuta yanayokaangwa. Tulipoichomoa redio kwenye deshibodi, tuliziona nyaya tatu zimekunjwa na kufungwa kwa utepe, ncha zake zikiwa za njano, nyeupe na nyekundu, nazo hazijawahi kuguswa tangu gari litoke Japani. Hiyo ndiyo njia ya kuingizia sauti na picha kutoka nje, ambayo kwenye kioo cha redio huandikwa VTR. Njano ni ya picha, unaiacha; nyeupe ni sauti ya kushoto na nyekundu ni ya kulia. Tulinunua waya wenye ncha hizo mbili upande mmoja na pini ya milimita 3.5 upande wa pili, tukaupitisha chini ya kisanduku cha mbele ya abiria, na mchakacho wote ukaisha. Waya ukipatikana, siku zote ni bora kuliko kurusha mawimbi.

Tahadhari moja tu: baadhi ya redio za Toyota zenye ramani, zikikatiwa umeme wa betri, hujifunga na kudai namba ya siri au kadi yake ya SD. Hakikisha fundi wako analijua hilo kabla hajaondoa waya wa betri.

Shikamoo mwandishi. Ninaendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Porini muziki wangu ni safi, lakini nikiingia mjini unamezwa na vituo vya redio. Tena modyuleta ya kwanza iliungua siku niliyoichomeka. (Dereva)

Marahaba. Nianze na iliyoungua. Malori mengi, na hata Coaster nyingi, hutumia umeme wa volti 24, ilhali baadhi ya modyuleta zimetengenezwa kwa volti 12 za gari dogo. Soma maandishi madogo yaliyo ubavuni mwa kifaa. Ukikuta 12–24V unaweza kukitumia, na ukikuta 12V peke yake kiache dukani.

Ama kuhusu kumezwa, hiyo ndiyo tabia ya FM yenyewe. Mawimbi mawili yakikutana kwenye namba moja, redio haiyachanganyi sawasawa, bali hulishika lenye nguvu na kulitupa dhaifu. Modyuleta ina nguvu ndogo mno, na kwa makusudi: katika nchi za Ulaya kikomo kilichowekwa ni nanowati 50, ili mtu asiingilie redio ya gari la jirani yake barabarani. Mnara wa kituo cha mjini una nguvu isiyoweza hata kulinganishwa na hiyo. Kwa hiyo hakuna ushindani hapo. Dawa ni kuhama.

Fanya hivi ukiwa umeegesha. Zima modyuleta, kisha pita polepole kwenye namba za redio ukitafuta mahali penye mvumo mtupu usio na sauti yoyote kwa nyuma. Ukipapata, angalia pia namba iliyo juu yake kwa 0.2 na iliyo chini yake kwa 0.2, kwa maana kituo chenye nguvu hufurika hadi kwa majirani. Zikiwa kimya zote tatu, hapo ndipo mahali pako. Wewe unayepita Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya utahitaji namba zaidi ya moja, hivyo ziandike kwenye karatasi kwa jina la mji na uibandike karibu na usukani. Ukiweza, isogeze modyuleta karibu na upande ilipo eriali kwa kutumia waya wa kurefushia tundu la kiberiti cha sigara. Tofauti utaisikia mara moja. Usikubali mtu akufungulie kifaa na kukiongezea nguvu, kwani masafa yana wenyewe, na Tanzania msimamizi wake ni TCRA.

Nikichomeka simu kwenye AUX (tundu la redio la kuingizia sauti kwa waya) na wakati huohuo nikaichaji, nasikia mluzi unaopanda kila ninapokanyaga mafuta. (Msomaji wa Mombasa)

Mluzi huo unatoka kwenye oltaneta, yaani kifaa kinachozalisha umeme injini ikizunguka, na unaingia kwa sababu simu yako imeunganishwa na bodi ya gari kwa njia mbili: kupitia chaja na kupitia waya wa sauti. Chomoa chaja muziki ukiendelea. Mluzi ukikatika, umeshapata ushahidi. Tafuta kichujio kidogo kinachokaa katikati ya waya wa AUX, chenye transfoma mbili ndogo ndani yake, moja ya kila upande wa sauti. Transfoma hupitisha sauti bila nyaya kugusana, na mluzi hukosa njia. Hakihitaji umeme wala fundi.

Gari langu ni la zamani na lina kaseti tu. (Msomaji wa Tabora)

Una bahati kuliko unavyodhani. Nunua kaseti ya bandia yenye waya: ndani yake hamna utepe, bali kuna kichwa kidogo cha sumaku kinachotazamana na kichwa cha redio yako na kukipelekea sauti moja kwa moja. Kwa masikio yangu, huishinda modyuleta karibu kila mara. Kwanza safisha kichwa cha redio kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo, na kama redio inageuzageuza upande kila baada ya sekunde chache, jaribu kubonyeza kitufe cha kugeuza upande kabla ya kuilaumu kaseti.

Simu yangu mpya haina tundu la spika za masikioni. Nimenunua kiunganishi cha bei rahisi, redio imekaa kimya. (Msomaji wa Kigoma)

Viunganishi hivyo viko vya namna mbili na kwa macho vinafanana. Kimoja kina chipu ndani inayogeuza muziki wa kidijitali kuwa sauti. Kingine ni waya mtupu, na hufanya kazi kwa simu chache ambazo chipu hiyo iko ndani ya simu yenyewe. Rudi dukani na simu yako mkononi, ukijaribu kabla ya kulipa. Ukichoka na nyaya, chukua kipokezi cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye AUX. Sauti ya simu ipandishe karibu hadi mwisho, kisha ongeza au punguza kwa kitufe cha redio. Ukifanya kinyume chake, redio itakuza na mvumo pia.

Flashi ninayoitumia kwenye kompyuta haisomwi na redio ya gari. (Msomaji wa Nakuru)

Huenda imepangwa kwa mfumo wa kuhifadhi mafaili wa NTFS au exFAT, ambao redio nyingi za gari haziusomi. Nakili nyimbo zako pembeni, kwa sababu hatua inayofuata hufuta kila kitu, kisha ipange upya (yaani “format”) kwa FAT32 na urudishe nyimbo zikiwa katika MP3. Bado ikigoma, angalia maandishi yaliyo juu ya tundu lenyewe, maana matundu mengine ya USB kwenye magari yamewekwa kwa ajili ya kuchaji tu.