Ndege za mbao ziliizamishaje Königsberg kule Rufiji?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni mwalimu wa historia huku Rufiji. Wanafunzi wamenibana: vitabu vinasema manowari ya Kijerumani Königsberg ilimalizwa kwenye delta yetu mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa msaada wa ndege za Waingereza. Ndege za siku zile ni mbao, waya na kitambaa. Ziliwezaje kuzamisha meli ya chuma yenye mizinga kumi? Halafu nimesoma kwamba ndege za mwanzo zilishindwa hata kuruka kwa sababu ya joto. Joto linazuiaje ndege kuruka?

JIBU: Marahaba, mwalimu. La kuzamisha nitalimaliza haraka: ndege hazikuizamisha. Königsberg ilipigwa na mizinga ya manowari mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, zilizotia nanga kiasi cha kilomita kumi kutoka ilipojificha, katikati ya mikoko. Na mwisho kabisa nahodha wake, Max Looff, aliamuru wenyewe wailipue isichukuliwe na adui. Ndege zilikuwa macho ya ile mizinga, na kazi ya kuwa macho ilikuwa ngumu kuliko wanafunzi wako wanavyodhani.

Ila tuanze na joto, maana ndilo lililowachelewesha Waingereza kwa miezi.

Bawa huinua ndege kwa kusukuma hewa kwenda chini. Kinachohesabika ni wingi wa hewa inayosukumwa, na hewa ikipata joto hutanuka, ikawa nyepesi. Usawa wa bahari, kwenye nyuzijoto 15, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.225. Ipandishe hadi nyuzi 33, joto la kawaida la mchana pwani yetu, inabaki na kilo 1.15 hivi. Ongeza unyevu, maana mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, upungufu unazidi kidogo. Asilimia sita au saba inaonekana ndogo, lakini inakukata sehemu tatu kwa mpigo. Bawa linadai kasi kubwa zaidi ili libebe uzito uleule. Injini inavuta hewa pungufu, kwa hiyo inachoma petroli kidogo na nguvu zinashuka. Na rafadha, yaani lile pangaboi la mbele, nayo inashika hewa nyepesi.

Ndege yenye nguvu za ziada inavumilia hayo. Zile hazikuwa na ziada yoyote. Mwezi Februari 1915 rubani John Cull alifika kwenye kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia, akiwa na ndege mbili za maboya, yaani za kuruka na kutua majini, aina ya Sopwith, zenye injini ya Gnome ya nguvu za farasi 100. Uingereza ziliruka vizuri. Huku zilikimbia juu ya maji na kuendelea kukimbia. Hapo kuna jambo ambalo watu wa nchi kavu hulisahau: ndege ya maboya kabla ya kupambana na hewa inapambana na maji. Maji yanang'ang'ania boya, na ukinzani wake unapanda haraka sana kasi inapoongezeka. Bahari ikiwa shwari kama kioo ni mbaya zaidi, maana hakuna viwimbi vya kuingiza hewa chini ya boya ili liachie. Hata leo rubani wa ndege za maboya akikuta maji yametulia mno huzunguka kwanza kutengeneza mawimbi yake mwenyewe, ndipo akimbie kuruka. Sopwith zilipunguziwa mafuta, zikanyimwa mabomu, na bado hazikufaa.

Halafu kuna gundi. Ndege za enzi ile ziliungwa kwa gundi iliyopikwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Iweke miezi kadhaa kwenye unyevu na jua la Niororo, inalegea. Mbao zinapinda, rafadha zinaachana tabaka, maboya yanavuja. Mimi nikisoma habari hizi nawahurumia mafundi kuliko marubani.

Kabla ya Cull alikuwepo raia mmoja kutoka Durban, Dennis Cutler, aliyekodiwa na jeshi la majini pamoja na ndege yake ya Curtiss mwishoni mwa 1914. Injini yake ilipozwa kwa maji, na rejeta ikaharibika. Unajua walifanyaje? Meli ilitumwa Mombasa kutafuta rejeta ya gari la Ford. Kwa namna hiyo Cutler aliruka, akaiona Königsberg kwa macho yake, na Desemba injini ikamwangusha mikononi mwa Wajerumani.

Mwezi Aprili zikaja ndege za Short zenye nguvu za farasi 160. Hizi ziliruka, lakini zikiwa na watu wawili zilishindwa kufika hata mita 300. Kwenye kimo hicho bunduki ya kawaida inakufikia. Tarehe 25 Aprili Cull aliweza kupiga picha za manowari ile, na injini yake ikapigwa risasi. Suluhisho lililofaa lilikuwa kuachana na maboya kabisa. Waingereza walikuwa wameiteka Mafia tangu Januari. Wakasafisha uwanja pale kisiwani, wakaleta ndege za magurudumu, Henri Farman na Caudron. Ondoa maboya na ukinzani wa maji, na ndege yenye injini dhaifu inapanda kwa raha. Hata hivyo baadhi zilivunjika kwenye mazoezi kabla ya shambulio lenyewe.

Sasa hilo la kuwa macho. Severn na Mersey zilikuwa na kitako bapa, zikapita penye maji machache ambapo manowari za kawaida zingekwama. Tarehe 6 Julai ziliingia deltani na kufyatua zaidi ya makombora 600. Yaliyoipata Königsberg ni machache mno, na Mersey yenyewe ikapigwa, kwa sababu Wajerumani walikuwa na waangalizi wao wamejificha nchi kavu. Kwa nini makombora mengi hivyo yalipotea? Fikiria mwangalizi angani. Kombora linachukua zaidi ya sekunde ishirini hewani. Likitua kwenye tope laini la mikoko linamezwa, halionekani. Anayeliona anatuma herufi za Morse kwa simu ya upepo: fupi, mbali, kushoto, kulia. Lakini siku hiyo meli mbili zilifyatua kwa pamoja. Mwangalizi anaona moshi, hajui ni wa nani. Wapishi wawili wakitia chumvi chungu kimoja, huwezi kumwambia yupi apunguze.

Kwa maoni yangu hapo ndipo vita ile ilipoamuliwa, kwenye utaratibu wa kufyatua. Tarehe 11 Julai walirudi na kukubaliana meli moja ifyatue kwa wakati mmoja. Severn ikatia nanga na kuanza. Juu walikuwa Cull na mwangalizi wake, Arnold, ndani ya Henri Farman. Kila kombora sasa lilikuwa na mwenyewe, kwa hiyo kila rekebisho lilifika mahali pake. Kwenye mfululizo wa nane hivi wakaipata. Baada ya hapo Arnold akatuma kwamba yote yanapiga upande wa mbele wa meli. Muda si mrefu ndege ikapigwa, injini ikafa. Wakatuma ujumbe kwamba wanashuka, waletewe mashua. Na huku Cull akiiteremsha ndege bila injini kuelekea Mersey, Arnold akaendelea kubonyeza Morse, akisogeza shabaha kuelekea katikati ya meli. Ndege ikabinuka majini. Arnold alirushwa nje. Cull alikuwa amefungwa mkanda, akazama na ndege kabla ya kujinasua. Wote wawili walipona.

Wanafunzi wakiuliza kwa nini hawakuipiga kwa mabomu tu, wajibu kwamba walijaribu. Asubuhi ya tarehe 6 ndege moja ilidondosha machache, zaidi ili kuwashughulisha Wajerumani wakati manowari zinaingia mtoni. Bomu lililoweza kubebwa na ndege zile lilikuwa dogo, na kulilenga kulitegemea jicho la rubani. Mwezi mmoja tu baadaye, Agosti 1915, ndege ya Short kutoka meli Ben-my-Chree iliipiga meli ya Waturuki kwa torpedo, yaani kombora la chini ya maji, kule Dardanelles, Uturuki. Injini ilikuwa kubwa zaidi na silaha ilikuwa nyingine. Tatizo la maboya lilidumu. Mwaka 1917 rubani Mwingereza Edwin Dunning alitua kwa ndege ya magurudumu juu ya manowari Furious ikiwa inatembea, akafa siku tano baadaye akirudia jaribio hilo. Walichokuwa wakitafuta ni uwanja kama wa Mafia unaosafiri na meli.

Mizinga yote kumi iliopolewa na Wajerumani, ikatumika vitani nchi kavu na kikosi cha Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, karibu na mzinga wa Pegasus, manowari ya Kiingereza ambayo Königsberg iliipiga Zanzibar Septemba 1914. Shule ikipata nauli, wapeleke.