Mguu Ukiteguka, Kagua Mifupa Kabla ya Kuchua

Mtu akikanyaga vibaya kifundo kikavimba, wa kwanza kumfikia huwa tayari ana mafuta ya kuchulia mkononi. Kazi yangu ni tiba ya viungo, na nawasihi wote: msichue kabla ya kujua kama mifupa ni mizima.

Kati ya muundi na mifupa mirefu ya wayo ipo mifupa saba iitwayo tarsasi. Ninaouhofia zaidi ni talasi, unaopokea uzito wote wa mwili. Hakuna msuli uliojishikiza kwake, na sehemu kubwa imefunikwa na gegedu, kwa hiyo mishipa ya damu ina pa kuingilia padogo. Talasi ikivunjika kwenye shingo yake, yaani sehemu yake nyembamba, damu inaweza kukatika na mfupa ukafa.

Kwa mtu mzima, bonyeza polepole kwa kidole kimoja: ukingo wa nyuma wa kila jicho la mguu, ndani na nje, sentimita 6 kutoka ncha kwenda juu, mfupa wa navikula, ulio juu ya upinde wa ndani, kisha shina la mfupa mrefu wa wayo unaoelekea kidole kidogo, katikati ya ukingo wa nje wa wayo. Halafu atembee hatua nne. Mfupa ukiuma hapo, au hatua zikimshinda, apigwe eksirei. Utaratibu huu ulitoka kwa madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni asiutegemee, aende hospitali moja kwa moja. Namkumbuka kijana mmoja, uvimbe wake haba kabisa, lakini nilipogusa navikula alikamata ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

Mtazame mbuzi au farasi kwa nyuma. Kile kinachodhaniwa goti lililopinda kinyume ni kifundo, na ncha inayochomoza ni kisigino, kiko juu hewani. Chetu sisi kinatua ardhini, ndiyo maana aliyeanguka kutoka juu akatua kwa miguu huvunjika kisigino. Huyo akaguliwe na uti wa mgongo pia, hata kama analalamikia mguu tu.

Na wewe mkimbiaji unayeumwa juu ya wayo wiki kwa wiki, eksirei ikiwa safi usirudi mbioni. Ufa wa navikula mara nyingi hauonekani humo. Omba kipimo cha siti skani au emarai.