Masi Ina Miaka Yake: Namna ya Kusoma Dhana ya Fizikia Bila Kupotea

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia ujumbe mrefu, na swali lake linastahili jibu la hadharani. Kitabu cha sekondari kilimwambia masi ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu. Alipofika chuo akaambiwa masi huongezeka kitu kinapokwenda kasi. Juzi kasikiliza mhadhara, kaambiwa masi hutokana na uga wa Higgs, uga unaosemekana kujaza anga lote. Anauliza: ni ipi ya kweli, na kwa nini hakuna aliyemwambia kwamba nyingine ni uongo?

Ndugu yangu, hukudanganywa. Ulinyimwa tarehe. Sentensi ya kwanza ni ya 1687, ya pili ilizaliwa kwenye maabara za elektroni karibu na 1900, ya tatu ina mizizi yake katika makala za 1964. Kila moja ilikuja kujibu swali lake. Ukizipanga mstari mmoja kana kwamba zimeandikwa na mtu mmoja siku moja, lazima uchanganyikiwe. Hili linaniuma kila ninapoona vijana wenye akili wakiiacha fizikia kwa kudhani kichwa chao ndicho kibovu.

Ushauri wangu ni huu. Chukua daftari, gawa ukurasa safu nne: mwaka, nani, inapimwaje, inavunjikia wapi. Dhana yoyote unayokutana nayo, iwe masi, nishati, muda au uga, haingii kichwani mpaka safu zote nne zijae. Safu ya tatu ndiyo roho ya kazi yote. Fafanuzi hubadilika, kipimo ndicho kinachokuonyesha mtu alikuwa anashika nini mkononi alipoandika neno lile.

Tuanze na Newton. Katika ufafanuzi wa kwanza kabisa wa Principia, kitabu chake cha 1687, anasema kiasi cha maada hupatikana kwa msongamano na ujazo kwa pamoja. Lakini msongamano wenyewe tunaupata kwa kugawa masi kwa ujazo! Ernst Mach, mwanafizikia na mwanafalsafa wa Austria, aliishikilia hoja hiyo katika kitabu chake cha 1883, akasema ufafanuzi huu unajizunguka wenyewe. Ana haki. Ila ukiishia hapo utamdharau Newton bure, kwa sababu safu yake ya tatu imejaa. Nenda kitabu cha tatu, pendekezo la sita. Pale anaeleza alivyotengeneza visanduku viwili vya mbao, vya mviringo na sawasawa, akavining'iniza kwa nyuzi za futi 11. Kimoja akakijaza mbao, kingine akaweka dhahabu ya uzito ule ule katikati. Akarudia kwa fedha, risasi, kioo, mchanga, chumvi, maji na ngano. Vikabembea pamoja muda mrefu bila kuachana. Akahitimisha kwamba kama kungekuwa na tofauti ya hata sehemu moja kwa elfu, angeiona.

Elewa alichokuwa anauliza. Visanduku vina uzito sawa, maana yake Dunia inavivuta chini kwa kani ile ile. Swali ni kama vina ugumu sawa wa kusukumika, yaani inesha. Dhahabu ingekuwa na inesha kubwa kuliko mbao ya uzito ule ule, sanduku la dhahabu lingechelewa. Kumbe hapa kuna masi mbili: ile inayovutwa na ile inayokataa kusukumwa. Lugha yetu inazificha zote nyuma ya neno uzito, tunaposema sukari ina uzito wa kilo mbili. Mizani ya sahani mbili hulinganisha kitu na jiwe la mizani, kwa hiyo haijali uko wapi. Mizani ya springi hupima mvuto: iliyosawazishwa kwenye ncha ya Dunia, ambako mchapuko wa mvutano ni mita 9.832 kwa sekunde mraba, ukiileta kwenye ikweta penye 9.780 itakusomea kilo moja kuwa gramu 995 hivi. Masi haijapungua hata chembe.

Jaribio hili lifanye mwenyewe; kulisoma tu hakutoshi. Tafuta makopo mawili ya plastiki ya lita moja, yenye vifuniko vya kukaza, yanayofanana kabisa. La kwanza lijaze maharage mpaka juu. La pili weka misumari katikati, ushike kwa vipande vya sponji ya godoro pande zote, uongeze au upunguze misumari mpaka makopo mawili, pamoja na vifuniko, yalingane kwenye mizani. Yaning'inize kwenye boriti imara, yakiachana nusu mita au zaidi, kwa uzi usiovutika. Urefu uwe mita 1.5 kutoka pale uzi unapoanzia kubembea hadi katikati ya kopo, na upime baada ya kopo kuning'inia, kwa kuwa uzi hurefuka ukibeba. Sukuma yote mawili kando kwa ubao mmoja, sentimita 20 tu, kisha uuondoe ubao kwa ghafla. Hesabu mara 50, kwenda na kurudi ikiwa mara moja. Zitachukua karibu sekunde 123, lakini saa huihitaji: unatazama kama makopo yanaachana. Tofauti ya sehemu moja kwa elfu katika muda wa kubembea itafanya mojawapo, baada ya mara 50, liwe nyuma kwa sehemu ya ishirini ya bembea nzima. Jicho linaiona.

Makopo yakiachana, usikimbilie kumpinga Newton. Angalia urefu kwanza: kosa la sentimita moja huleta tofauti ya sekunde 0.4 katika mara 50. Angalia misumari, kama imeteremka chini ya kopo, kwani hapo umerefusha pendulamu bila kugusa uzi. Ukiona kopo moja linapunguza mwendo huku jingine likizidisha, halafu wanabadilishana, boriti yako inatikisika na makopo yanasukumana kupitia kwayo; hamia kwenye boriti nzito zaidi. Na kama uliyavuta mbali, tuseme nyuzi 30, mara 50 zitarefuka kwa sekunde 2 hivi, kwa hiyo yaanze yote mawili kutoka umbali ule ule. Sababu ya kutaka makopo yafanane kwa nje ni hewa: iyakwamishe sawasawa, isiwe ndiyo inayoamua.

Baada ya hapo historia inakwenda haraka. Loránd Eötvös wa Hungaria, kwa mizani ya msokoto, yaani fimbo iliyoning'inizwa kwa waya unaojisokota, alifika mwaka 1889 kwenye usahihi wa sehemu moja kwa milioni 20. Setilaiti ya Ufaransa iitwayo MICROSCOPE, iliyorushwa 2016, ililinganisha titani na platini, na matokeo yake ya mwisho ya 2022 hayakuona tofauti hata kwa sehemu chache kwa trilioni elfu. Kwa Newton usawa huo ulikuwa jambo lililopimwa tu. Mwaka 1907 Einstein, akiwa bado karani wa hataza mjini Bern, aliugeuza kuwa msingi: mtu anayeanguka hausikii uzito wake mwenyewe. Nadharia yake ya mvutano ya 1915 imesimama juu ya jambo hilo.

Sasa sentensi ya pili, ile ya masi kuongezeka kwa kasi. Hii ndiyo imewaumiza wengi, nami nasema wazi: ifute. Ilitokana na elektroni. Walter Kaufmann, kuanzia 1901, aliona elektroni za kasi kubwa zinazidi kuwa ngumu kupindishwa, na wanafizikia wa wakati ule, Lorentz miongoni mwao, wakazungumzia masi mbili za elektroni: ya kando, kani ikisukuma kutoka ubavuni, na ya mbele, kani ikisukuma kwenye mstari wa mwendo. Vitabu vya baadaye vikaibakiza moja na kuitupa nyingine kimyakimya. Tazama hasara yake. Chukua elektroni yenye kasi ya 0.8 ya kasi ya nuru. Kizidisho cha Lorentz, namba inayokua kadiri kasi inavyoikaribia ya nuru, ni 1.67. Mwanafunzi anazidisha masi kwa 1.67, anaiingiza kwenye kani sawa na masi mara mchapuko, anaridhika. Kani ikiwa ya kando, jibu ni sahihi. Ikiwa ya mbele, kizidisho kinachotakiwa ni 1.67 kwa kipeo cha tatu, yaani 4.63, na jibu lake limekosea karibu mara tatu. Einstein mwenyewe, katika barua ya 1948, alishauri masi hiyo isitumiwe, afadhali kutaja momenta (kiasi cha mwendo) na nishati. Masi ni ile ya kitu kikiwa kimetulia. Kinachokua kwa kasi ni momenta na nishati.

Lakini usiifute bila kuandika safu ya nne: inavunjikia wapi. Dhana iliyotupwa ina thamani ukijua ilitupwa kwa kosa gani.

Sentensi ya kwanza nayo, kiasi cha maada, inavunjika ndani ya protoni. Masi ya protoni, chembe ya kiini cha atomu, ni MeV 938 (MeV ni milioni ya elektroni-volti, kipimo cha nishati kinachotumiwa pia kwa masi). Ndani yake tunahesabu kwaki, chembe ndogo zinazoiunda: mbili za aina iitwayo "juu", kila moja MeV 2.2 hivi, na moja ya aina iitwayo "chini", MeV 4.7 hivi. Jumlisha: karibu 9, asilimia moja tu. Zilizobaki ni nishati ya kwaki zinazokwenda mbio na ya uga unaozifunga. Hapa ndipo pia utaona sentensi ya tatu inavyotiwa chumvi. Chembe ya Higgs ilitangazwa CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva, tarehe 4 Julai 2012, na uga wake ndio unaozipa kwaki na elektroni masi zao. Lakini kwa mtu mwenye kilo 60, sehemu inayotokana na uga huo ni zaidi kidogo ya nusu kilo. Anayesema Higgs ndiyo chanzo cha masi yote hajafanya hesabu hii ya kujumlisha namba tatu.

Wanafalsafa wataingia hapa, na uwakaribishe. Thomas Kuhn, mwanahistoria na mwanafalsafa wa sayansi, alidai mwaka 1962 kwamba masi ya Newton na masi ya Einstein ni dhana mbili zisizopimika kwa kipimo kimoja, ingawa neno ni moja. Nakubali nusu. Ufafanuzi wa kiasi cha maada kweli umekufa. Makopo yako mawili, hata hivyo, yatabembea pamoja vilevile, na kila nadharia iliyokuja baada ya 1687 imelazimika kuyaeleza. Anayesoma falsafa ya fizikia bila safu ya tatu ataona maneno yanapinduana tu, atadhani hakuna kilichobaki.

Kilo yenyewe imebadilishwa safu ya tatu mbele ya macho yetu. Tangu 1889 ilikuwa silinda ya platini na iridi iliyofungiwa Sèvres, Ufaransa. Nakala zake zilipolinganishwa nayo baada ya miongo mingi, zilikuwa zimeachana nayo kwa kiasi cha mikrogramu 50, na hakuna aliyeweza kusema ni ipi iliyobadilika. Tangu 20 Mei 2019 kilo hupatikana kwa kuikaza thamani ya konstanti ya Planck, namba isiyobadilika ya fizikia ya kwanta, jouli-sekunde 6.62607015 × 10⁻³⁴, na mizani ya Kibble inayolinganisha nguvu ya umeme na nguvu ya kuinua mzigo.

Ukishajaza hayo, soma chanzo kimoja kwa mkono wako: makala ya Einstein ya Septemba 1905 kuhusu inesha na nishati. Ni kurasa tatu tu. Usitafute E = mc² iliyoandikwa hivyo, huioni; anasema kitu kikitoa nishati L, masi yake hupungua kwa L gawanya kwa V mraba, V ikiwa kasi ya nuru. Kwa maisha ya jikoni ni kidogo mno: kilo moja ya maji ikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 100 huongezeka nanogramu 3.7 hivi. Ndiyo maana mwishoni anapendekeza chumvi za radiamu kwa majaribio.

Kipimo kizuri cha wazo hilo kilikuja 1932, wanafizikia Cockcroft na Walton walipoirushia lithiamu protoni mjini Cambridge, kiini kikagawanyika kuwa viini viwili vya heli. Hesabu hiyo unaweza kuifanya leo. Lithiamu 7 ni 7.016003, hidrojeni 1.007825, heli 4.002603, zote kwa vipimo vya masi ya atomu. Unaruhusiwa kutumia masi za atomu nzima kwa sababu elektroni ni nne kila upande. Jumlisha mbili za kwanza, toa heli mbili, zidisha baki kwa 931.494, idadi ya MeV katika kipimo kimoja cha masi ya atomu. Usikadirie hadi desimali mbili, kwa kuwa jibu lote limo kwenye desimali za nyuma: ukiandika 7.02, 1.01 na 4.00 utapata MeV 28, na sahihi ni 17.35.